Barua ya wazi kwa mafundi wakuu wa kuondoa antivirusi bandia

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mitandao ya Kadi za Malipo, pamoja na Benki Zinazopokea Malipo kwa Niaba ya Wafanyabiashara,

Yah: Kutambuliwa kwenu kama mafundi kompyuta

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika kuwapongeza, na pongezi zenyewe zimechelewa sana. Kila kompyuta ya nyumbani inapovamiwa na antivirusi bandia, lawama hugawiwa haraka: kwa mtoto aliyebonyeza asichokijua, kwa baba aliyekataa kununua programu halali, kwa fundi wa mtaani aliyepiga Windows ya kuchakachua, na kwa kampuni iliyoitengeneza Windows yenyewe. Ninyi hamtajwi. Mnakaa pembeni kwa unyenyekevu wa kupigiwa mfano, mkijitambulisha kuwa watu wa fedha tu, ilhali hakuna dawa iliyowahi kuudhoofisha ugonjwa huu kama kufungwa kwa dirisha la malipo. Nitajaribu kuonyesha kwamba antivirusi bandia huondolewa benki kabla ya kuondolewa kwenye kompyuta, na kwamba kuwaachia kazi hiyo mafundi wadogo, wakati mabingwa mpo, ni matumizi mabaya ya vipaji.

Tuanze na kazi ya hao mafundi wadogo, ili ukubwa wenu uonekane. Chukueni kompyuta ya Windows XP ya mwaka 2009. Mwenyewe anasoma habari. Ghafla ukurasa unabadilika na kujifanya unapekua diski C, kisha D, mstari wa kijani ukijaa haraka kuliko diski yoyote inavyoweza kusomwa, na majina ya virusi yakijipanga kwa rangi nyekundu. Wenye kompyuta za Mac waliletewa picha hiyohiyo, diski C na madirisha ya XP ndani ya mashine isiyo na vitu hivyo. Tapeli hakuona haja ya kubadilisha maigizo. Programu ikishaingia, kwa jina la Antivirus 2009, Security Tool au lolote la msimu ule, inaonyesha bidii ambayo antivirusi halali haijawahi kuwa nayo. Ukifungua kikokotoo, unaambiwa kimeambukizwa. Ukiita Task Manager uone ni nani anayeila kompyuta, inafungwa usoni pako. Ukitafuta tovuti ya watengenezaji wa antivirusi ya kweli, kivinjari kinapotezwa njia. Ukurasa mmoja tu ndio unaofunguka bila kusitasita: ule wenye nafasi ya kujaza tarakimu 16 za kadi.

Fundi akiitwa, anawasha kompyuta upya huku akibonyeza F8, anaingia kwenye hali salama, anaua programu inayojificha, anafuta kwenye rejista ile amri inayoiamsha kila Windows inapowaka, anafuta folda yenye jina lisilosomeka, anarudisha mipangilio ya kivinjari, kisha anapitisha antivirusi halali. Ni kazi ya jasho, na wengi waliona heri kufomati tu. Ndani ya kazi hiyo, hata hivyo, kuna siri mbili za ufundi zinazowahusu ninyi moja kwa moja. Ya kwanza ni kwamba rkill, programu ya bure ya kusimamisha programu hasidi, iligawiwa pia ikiwa imebandikwa jina la iExplore, yaani jina la kivinjari, kwa kuwa baadhi ya antivirusi bandia ziliua kila kitu isipokuwa kivinjari. Kivinjari kiliachiwa uhai kwa sababu ndicho kinachoipeleka kadi kwenu. Ya pili ni zile namba za usajili ambazo mafundi walipeana: ukiijaza moja, programu iliamini kwamba imelipwa, kelele zikakoma na virusi vyote vikatoweka papo hapo, bila faili hata moja kusafishwa. Ugonjwa ulioponywa kwa risiti tupu, daktari wake ni nani kama si mtoa risiti? Mwenye kompyuta wa Kariakoo ambaye hakuwa na kadi ya benki alipata kero zilezile, ila mwisho wa kelele zote hizo tapeli alimkuta hana cha kujaza. Huyo hakuokolewa na elimu wala na ujanja. Aliokolewa kwa kutokuwa mteja wenu.

Najua mtasema hawa ni vijana wachache wahuni wanaojificha, na benki haiwezi kumjua kila mhuni. Hapo ndipo kumbukumbu zinapotia aibu. Desemba 2008 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilikwenda mahakamani dhidi ya Innovative Marketing, kampuni iliyosajiliwa Belize na yenye ofisi Kyiv, kwa kuuza WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner na XP Antivirus. Tume ilisema watu zaidi ya 1,000,000 walitapeliwa. Kampuni hiyo ilikuwa na ofisi, wafanyakazi wa kuajiriwa na kitengo cha kupokea simu za wateja. Mwaka 2012 mahakama iliamuru mmoja wa viongozi wake alipe zaidi ya dola milioni 163. Juni 2011 FBI ilitangaza kulivunja kundi jingine lililokuwa limekula dola milioni 72 kwa watu 960,000, bei ikifika dola 129 kwa nakala. Fedha hizo hazikubebwa kwenye magunia usiku. Zilipita kadi kwa kadi, zikiwa na tarehe, kiasi na jina la mfanyabiashara, kwenye mifumo ambayo humzuia mtu kwa usalama wake anapolipia chumba cha hoteli akiwa ugenini.

Jawabu linalopendwa kuliko yote ni elimu kwa umma: watu wafundishwe wasibonyeze. Ni jawabu zuri, hasa kwa kuwa anayelipia si ninyi. Tatizo lake ni kwamba umma ulikwisha kuelimika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walipata seva za biashara tatu za aina hii, na katika utafiti waliouchapisha 2011 walionyesha kwamba kwa kila kompyuta 100 zilizoingiziwa antivirusi bandia, waliolipa walikuwa wenye kompyuta mbili na ushee tu. Wengine wote walikataa. Hebu fikirieni somo lolote ambalo wanafunzi 97 kati ya 100 wanafaulu! Na pamoja na ufaulu huo, biashara hizo tatu ziliingiza zaidi ya dola milioni 130. Tukiongeza semina, vipeperushi na matangazo ya redio hadi wafaulu 99, tapeli ataambukiza kompyuta mara mbili zaidi, maana kuambukiza ndiko rahisi. Tena mara nyingine hapakuwa na cha kufundishwa. Mwaka 2010 matapeli kutoka Latvia walijifanya wakala wa matangazo wa hoteli za Marekani, wakapeleka tangazo kwenye tovuti ya gazeti la Star Tribune la Minneapolis. Wafanyakazi wa gazeti walilikagua, wakaliona ni zima. Likishapita, matapeli wakabadilisha kilichokuwa ndani yake. Msomaji aliyefungua gazeti la mjini kwake alikuwa amekosa somo gani?

Sasa tufike kwenye kanuni yenu, ambayo kwa maoni yangu haijasifiwa inavyostahili. Mteja akigundua ametapeliwa, anaweza kwenda benki yake na kuyapinga malipo. Pingamizi zikizidi kiwango fulani, ambacho miaka ile kwa kawaida kilizunguka asilimia 1 ya miamala ya mwezi, mfanyabiashara hutiwa kwenye uangalizi, hupigwa faini, na akiendelea hufungiwa. Kwa muuza viatu kanuni hiyo ni ya haki kabisa. Kwa anayeuza kitu kisichokuwepo, inasomeka kama kibali: uibie mia, mradi atakayelalamika asizidi mmoja. Msidhani natia chumvi. Watafiti wale wa Santa Barbara waliziona hesabu zenyewe. Pingamizi zilipokaribia kiwango chenu, matapeli waliwarudishia fedha wateja wengi zaidi. Zilipopungua, mikono ikafumbwa tena. Ukarimu wao ulipimwa kwa kipimo mlichowapa ninyi. Kitengo cha simu nacho kilikuwa na kazi nzito, yaani kumtuliza mteja asije akapiga simu benki. Pale ambapo polisi waliona wizi na mteja aliona hasara, kanuni yenu iliona mfanyabiashara mwenye nidhamu.

Mnaweza kuuliza ushahidi uko wapi kwamba mkifunga mlango ugonjwa utapungua. Uko 2011. Juni ya mwaka huo mwanzilishi wa ChronoPay, kampuni kubwa ya Urusi ya kupitisha malipo ya kadi ambayo mwandishi wa habari za uhalifu wa mtandaoni Brian Krebs alikuwa ameihusisha na antivirusi bandia, alikamatwa kwa kesi nyingine kabisa, ya kuushambulia mfumo wa kampuni shindani. FBI nayo ilikuwa inanasa seva mwezi huohuo. Katika wiki zilizofuata, mitandao ya usambazaji wa antivirusi bandia ilianza kuwaaga mawakala wake, ikisema haiwezi tena kupitisha kadi, na makampuni ya usalama yakaona maambukizi yakishuka kwa kasi. Hakuna kiraka kipya cha Windows kinachoweza kujisifia anguko hilo, wala watumiaji hawakupata hekima ghafla kati ya Juni na Agosti. Watafiti wengine wa California, waliofuatilia dawa, saa za kuiga na programu zinazotangazwa kwa baruapepe taka, walikuta mwaka huohuo kwamba asilimia 95 ya bidhaa hizo zilipokewa malipo na benki zisizozidi vidole vya mkono mmoja. Matangazo yalikuwa mamilioni na tovuti maelfu, ila kaunta za kupokea fedha zilihesabika.

Utetezi wenu wa kawaida ni kwamba mtandao wa kadi ni barabara tu, na barabara haimuulizi mpita njia amebeba nini. Ningeukubali kama mngekuwa barabara ya vumbi. Ninyi ni barabara yenye mizani na kizuizi: kila gari linasimama, linapimwa, linalipa ushuru, na anayezidisha uzito anatozwa faini ambayo inaingia kwenye mfuko wa mwenye mizani. Anayekula ushuru wa mzigo hawezi kusema hajauona.

Kuna hoja moja nzito zaidi dhidi yangu, na siidharau. Inasemwa kwamba matapeli walipobanwa kwenye kadi walihamia kwenye ubaya mkubwa kuliko ule. Ni kweli walihama. Mwaka 2012 skrini zilianza kufungwa na programu yenye nembo ya polisi, Reveton, iliyodai "faini" ilipwe kwa vocha za malipo ya kabla. Mwaka 2013 CryptoLocker ikafunga mafaili kwa funguo zisizovunjika, ikataka vocha au bitcoin. Aliyepoteza picha zote za familia kwa CryptoLocker angeweza kuzitamani enzi za Antivirus 2009. Lakini tazameni walivyohama. Kila hatua ilifuata njia mpya ya kupokea fedha, na programu ikashonwa upya kwa kipimo cha njia hiyo. Vocha haina pingamizi, basi hapakuwa na haja tena ya kitengo cha simu wala cha kubembeleza wateja. Anayesema tusifunge mlango huu kwa kuwa mwizi atatafuta mwingine anakiri kwamba mlango ndio unaomwongoza mwizi. Na kwenu hajahama wote, maana biashara hii ilirudi ikiwa imevaa suti. Machi 2024 tume ileile ya Marekani ilifikia makubaliano ya dola milioni 26 na Restoro na Reimage, makampuni ya Cyprus yaliyowatisha watu kwa madirisha ya onyo, yakawauzia programu ya kutengeneza kompyuta, kisha yakawataka wapige simu ili wauziwe huduma ya mamia ya dola.

Mtauliza benki itatofautishaje antivirusi halali na bandia, kwa kuwa si kazi yake. Wachunguzi wa tume walitumia njia isiyohitaji shahada: walichukua kompyuta isiyokuwa na tatizo, wakaendesha upekuzi wa programu hizo, nazo zikaripoti mamia ya matatizo. Basi ombi langu ni dogo. Kabla ya kumfungulia akaunti ya kupokea malipo yeyote anayeuza programu za usalama, nunueni kompyuta moja mpya, iacheni kwenye boksi mpaka asubuhi ya kazi, mwekeni afisa mmoja mbele yake, aipakue programu ya mwombaji na aihesabu idadi ya virusi itakavyoviona. Alipe kwa kadi ya ofisi. Gharama haitazidi dola 50 au 80, bei ileile waliyotozwa wengine, na msiporidhika na bidhaa mnaruhusiwa kuyapinga malipo. Ila tafadhali msipinge wengi kwa mwezi mmoja, msije mkakivusha kile kiwango chenu.

Naomba kuwasilisha.