Sungura Sebuleni

Kabanga, huko juu Kasulu, hali ya hewa humfaa sungura wa kufugwa kuliko Kigoma mjini kando ya ziwa, kwa kuwa joto linalopita nyuzi 30 humdhuru. Kinachomtoa bandani ni msimu wa mvua. Banda hulowa, na siafu wakilipitia usiku mmoja tu, asubuhi hakuna mfugo. Hapo ndipo sungura huhamishiwa ndani, na mwenye nyumba humchagulia kona.

Kona hiyo huwa haikubaliki. Sungura hujichagulia mwenyewe mahali pa haja, na akishapachagua hang'oki. Kwa kawaida ni nyuma ya kochi la wageni, lile lenye vitambaa vya kufuma ambalo hata watoto wa nyumbani hawaruhusiwi kulikalia. Kumhamisha ni kupoteza muda. Beseni lenye nyasi kavu ndilo lipelekwe huko aliko. Kochi lisogee.

Sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa ni sifa ya mama mwenye nyumba na balaa kwa sungura. Nyayo zake zina manyoya tu, hivyo akichomoka mbio huteleza hadi ukutani, na akikaa sana juu ya saruji tupu hutoka vidonda. Dawa yake ni jamvi. Jamvi nalo huliwa.

Halina budi kuliwa, maana meno ya sungura hukua maisha yake yote. Ya mbele huweza kuongezeka kiasi cha sentimita 10 kwa mwaka asipoyasaga kwa kutafuna. Mababu zake wa Hispania waliishi mashimoni, na mzizi ulioziba njia ulikatwa. Sebuleni hakuna mizizi, kuna waya wa chaja. Waya upitishwe ndani ya kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa, na karatasi zikae juu kabisa: mwalimu aliyewahi kumweleza mkuu wake kwamba andalio la somo limeliwa na sungura anajua jinsi ukweli unavyoweza kukosa heshima.

Chakula ni nyasi kwanza, kisha mchunga na matembele. Majani ya mparachichi, ambayo watoto huyachuma kwa huruma kwa kuwa yako karibu, ni sumu, na sungura hana uwezo wa kutapika.

Hesabu ndiyo huharibika zaidi. Jinsia ya sungura mchanga ni vigumu kuitambua, hata kwa muuzaji anayeapa, na aliyenunua majike wawili huenda amenunua mume na mke. Mimba ni siku 31 hivi, na jike aweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Kabla ya kuzaa hunyofoa manyoya yake kutengeneza kiota, na pamba ya mto wa kochi ikiwa karibu huichukua pia. Baada ya hapo hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, kisha huenda zake. Nyumba nzima humlaani kwa kutelekeza watoto, na jirani hutumwa maziwa ya ng'ombe yasiyohitajika. Waachwe kiotani.

Anayetaka kubaki na wawili awatenganishe dume na jike kabla hawajatimiza miezi mitatu.