Hongera kwa Kutulindia Anga Tupu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya,
Nairobi.

MINTARAFU: PONGEZI KUTOKA BUTALI

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Butali, Kaunti ya Kakamega, kando ya barabara ya kwenda Webuye. Tangu Mamlaka yako iundwe mwaka wa 2002, sijasikia mkazi wa hapa hata mmoja aliyeanguka na ndege yake mwenyewe. Rekodi kama hiyo Wamarekani hawana. Siri yake ni nyepesi: hakuna mwenye ndege.

Nasikia huko ng'ambo wapenzi wa ndege ndogo wanaomboleza kwamba urubani wa bei nafuu umekufa. Cessna 172, iliyouzwa chini ya dola 10,000 mwaka wa 1956, leo ikiwa mpya inapita dola 400,000. Kampuni yenyewe iliacha kuunda ndege hizo mwaka wa 1986 ikilalamikia kesi za fidia, na haikurudi mpaka sheria ya 1994 ilipoikinga na kesi za ndege zilizozeeka. Tunawapa pole. Ila sisi kuyalia matanga hayo ni kama kumlilia marehemu ambaye hatukuwahi kujulishwa kwake.

Maana urubani huo Kenya ulikuwepo, ila haukuwa wetu. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka wa 1927, na Florence Wilson akafungua kampuni yake ya ndege mwaka wa 1929. Uwanja wa Wilson unabeba jina lake hadi leo. Beryl Markham, mkufunzi wa farasi wa mashindano, alijifunza kurusha ndege papa hapa nchini, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, akaishia kinamasini Kanada, mzima. Wakati huo babu zetu walikuwa na kipande cha mkoloni shingoni. Ndege waliitazama kutoka chini, na hapo ndipo walipotuachia sisi.

Usidhani lakini kwamba ndege za watu binafsi hatuzijui. Huja Jumamosi, kukiwa na mazishi. Kwanza mbwa wanabweka, kisha watoto wanatoka mbio, kisha uwanja wa shule unageuka vumbi na kofia za wazee zinaelekea Malava bila wenyewe. Mheshimiwa mwanasiasa anashuka, anampa mjane pole kwa kipaza sauti, anaahidi mabati, na kabla chai haijachemka ameshapaa kwenda kwa marehemu mwingine. Mwendo wa saa mbili kwa barabara ambayo yeye mwenyewe aliahidi kuitia lami, anaukata kwa dakika chache. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeikumbuka hiyo lami.

Mwananchi wa kawaida wa magharibi aliyewahi kuruka kwa bei nafuu namjua mmoja tu: yule bwana wa Bungoma aliyepachikwa jina la James Bond, aliyening'inia kwenye chopa iliyoleta maiti ya mfanyabiashara Jacob Juma, Mei 2016. Nauli hakulipa. Alianguka, akaumia, kisha akafikishwa mahakamani.

Sasa ombi. Nimesoma kwamba leseni ya rubani binafsi hutaka angalau saa 40 za angani. Mtoto wa mkulima anayesubiri malipo ya miwa iliyokwisha kusagwa, ikawa sukari, ikanywewa, hizo saa atazilipia kwa nini? Tunaomba Mamlaka ihesabu pia saa za kutazama juu. Kwa kipimo hicho, nusu ya watu wa hapa kwetu Kabras ni marubani.

Na wapo mafundi. Hawa wa jua kali wanaochomelea trela za miwa hadi usiku hawaogopi chuma. Mwaka wa 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alijiundia ndege kwa maarifa ya intaneti, dunia nzima ikaja na kamera. Haikupaa. Tulicheka sana, sisi ambao hatujawahi kuunda hata kishada kinachopaa.

Marekani mtu huruhusiwa kuunda ndege yake mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe. Ndege hiyo hubandikwa maandishi ya kuwaonya abiria kwamba ni ya majaribio. Uingereza kuna chama cha wenye ndege nyepesi ambacho wakaguzi wake humfuata mjenzi hadi bandani kwake na kuangalia viungo kabla havijafunikwa. Sitaki mtu aanguke juu ya chekechea, Mheshimiwa. Nataka mkaguzi wa namna hiyo: anayekuja na tochi kabla ya kosa, si na pingu baada yake.

Ada tutachanga. Leseni nazo hazitutishi: kiwanda chetu cha sukari na jirani yake West Kenya walishtakiana miaka na miaka juu ya leseni ya kusaga miwa, nasi tukafundishwa subira bure.

Mkaguzi akipatikana, asihangaike na matatu. Jumamosi hii tuna mazishi. Aombe lifti kwa mheshimiwa yeyote pale Wilson, ashukie uwanja wa shule. Tutamtambua kwa sababu ndiye atakayeshuka bila hotuba.

Wako mtiifu,
Mtazama-juu wa Butali

Nakala: Mwalimu Mkuu (kuhusu goli lililong'olewa na upepo wa chopa)