Tuisifu Posho

Posho ilizaliwa maskini. Zama za mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani ilikuwa unga wa kibarua, unapimwa kwa kibaba mbele ya nyapara. Waganda hadi leo wakitaja posho wanakusudia ugali. Ni Tanzania ndiko ilikovaa suti, ikapewa kifungu chake kwenye bajeti na kufundishwa kulala hotelini.

Ukitaka kuipenda, mtazame kwanza ndugu yake, mshahara. Huyo hazoeleki. Mkurugenzi mtendaji wa halmashauri anateuliwa na Rais, ngazi ya mshahara wake imo kwenye waraka wa Utumishi, na fedha zenyewe zinatoka Hazina. Diwani wa Ziwani, huku Mtwara, anaweza kumbana mkurugenzi kwa choo cha shule kilichotitia. Akiugusa mshahara wake, anampigia mbuzi gitaa. Tena katibu wa Baraza la Madiwani ni mkurugenzi huyohuyo, kwa hiyo muhtasari wa gitaa hilo ataandika yeye.

Wenzetu wamejinyima raha hii. Uingereza, sheria ya 2011 inazitaka halmashauri ziandike kila mwaka sera ya malipo ya wakubwa wao, madiwani waipitishe, kisha ianikwe kila mtu aisome. Kenya nao, tangu Katiba ya 2010, wana tume nzima ya kupanga mishahara na marupurupu ya viongozi. Kelele tupu. Mtwara mambo ni shwari, kwa sababu hakuna cha kujadili.

Posho, kinyume chake, ni mtu wa watu. Diwani hana mshahara, ana posho, na kwa miaka mingi posho hiyo ilitegemea mapato ya ndani, yaani, kwa lugha ya kusini, korosho. Mnada ukichangamka, ushuru unaingia na vikao navyo vinachangamka. Mnada ukidoda, diwani anasaini karatasi ya mahudhurio na kurudi nyumbani kula ming'oko. Ushuru wenyewe ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, neema kwa mkulima na mfungo kwa baraza. Mwaka wa fedha 2021/22 serikali kuu ikaanza kulipa posho za madiwani katika halmashauri nyingi, na kamba ya mwisho iliyomfunga diwani na mkorosho ikalegea.

Aliyejaribu kuiaibisha posho ni Rais Magufuli. Oktoba 2017, mbele ya viongozi wa serikali za mitaa waliokutana Dar es Salaam, alitaja mshahara wake mwenyewe: shilingi milioni 9 kwa mwezi. Nani tena angeinua mkono kuomba nyongeza? Lakini posho haikutetereka. Mshahara hupandishwa kwa hotuba ya Mei Mosi. Posho inahitaji barua ya mwaliko tu.

Hapo ndipo Mtwara inapobarikiwa. Ofisa wa Chamwino akiitwa kikaoni Dodoma, jioni yuko kwake anakula na wanawe, maskini. Wa Mtwara ana zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake, atalala njiani akienda na akirudi. Umbali ambao kwa mgonjwa wa rufaa ni balaa, kwa mwenye barua ya safari ni ngazi ya mshahara isiyoandikwa kwenye waraka wowote. Haina kikokotoo cha uzeeni, lakini uzee uko mbali na semina ni Jumatatu.

Na viwango vyake vinajua heshima. Julai 2022 posho ya kujikimu kwa safari za ndani ilipanda: cha chini kutoka shilingi 80,000 hadi 100,000 kwa usiku, cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000. Mwaka mmoja kabla, mtendaji wa kata naye alikumbukwa, akapewa posho ya madaraka ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Mtendaji wa Ziwani, anayeamua ugomvi wa mipaka ya mikorosho, anayehimiza michango ya madarasa na kugongewa mlango usiku mtu akipotea baharini, ataifikia bei ya usiku mmoja wa mkubwa baada ya miezi miwili na nusu, mradi alale nyumbani kwake.