Heko kwa Wapanga Vitufe

Wanaolalamikia kazi ya kusogeza ndani kitone cha orodha hawana shukrani. Kwenye Gmail, Ctrl na ] hukisogeza kwa adabu. Vidole vikishazoea, mwandishi huhamia Word, huchagua mstari, hubonyeza vilevile, na herufi hunenepa kwa pointi 1. Aliomba mpangilio, kapewa afya! Dereva wa daladala akiambiwa “shusha” akakanyaga mafuta, abiria si atashukuru kwa kuwahishwa?

Tab nayo ni karimu. Mwanzoni mwa kitone, Word hukishusha ngazi. Katika aya ya kawaida ya Gmail, humfikisha mwandishi kwenye kitufe cha kutuma. Akigusa Enter, barua nusu iko kwa bosi.

Ctrl na Z pekee ndiyo imekosa ubunifu: kote hutengua.