Tuusifu Ulafi wa Mheshimiwa

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ulafi wa mbunge wa Kenya hauna hatari hiyo: maji yalishatiwa kitambo, na wanywaji tumeyazoea. Basi tuusifu bila woga.

Kwanza, una umoja. Waheshimiwa waliotukanana majukwaani na kugawanya vijiji kwa ukabila hupatana mara tu marupurupu yakitajwa. Mwaka 2012, walimu na madaktari waligoma wakidai haki zao. Oktoba mwaka huohuo Bunge likaidhinisha kiinua mgongo cha shilingi milioni 9.3 kwa kila mbunge. Mirengo yote ilisahau uhasama wake, na maridhiano ya namna hiyo hatujawahi kuyapata kwa hotuba za amani.

Pili, una subira na uono wa mbali. Rais Mwai Kibaki alipokataa kutia saini, hawakukata tamaa. Januari 2013 walirudi na maombi zaidi: pasipoti ya kidiplomasia, mlinzi mwenye silaha, na wakifa, mazishi ya kitaifa. Kibaki alikataa tena. Lakini ni nani mwingine nchini anayepanga bajeti mpaka kaburini? Sisi wengine hupanga mpaka mwisho wa mwezi, na huko kwenyewe hatufiki.

Tatu, una bidii. Ahadi ya daraja husubiri tathmini, zabuni, na uchaguzi ujao. Ya mshahara haingoji. Bunge jipya la 2013 lilikuta Tume ya Mishahara imepunguza malipo yao kutoka shilingi 851,000 hadi 532,500 kwa mwezi. Mei 14 wanaharakati wakaachilia nguruwe nje ya Bunge, kitendo kilichowaonea nguruwe, maana hakuna nguruwe aliyewahi kuomba kura. Mei 28 wabunge walipiga kura kuifuta notisi ya Tume. Mwishowe wakaukubali mshahara ule mdogo, pamoja na ruzuku ya gari ya shilingi milioni tano. Unyenyekevu wenye magurudumu manne!

Nne, una ukarimu wa kutuvumilia sisi wapiga kura. Tunapokea noti ya mia mbili mkutanoni, tunashangilia, kisha tunaapa kwamba wote ni walewale na kukaa nyumbani siku yenyewe. Mwaka 2022 waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65 ya waliojiandikisha, wachache kuliko Agosti 2017. Nawaelewa. Foleni huanza alfajiri, jua huwaka, na mtu hujiuliza anamchagulia nani gari jipya. Mheshimiwa hakasiriki tusipokwenda. Kila anayebaki kitandani amempunguzia kazi.

Hapo ndipo sifa kuu ya ulafi inapojificha. Asiyetaka kitu hashikiki, ila mlafi ana pa kumshika. Mheshimiwa anakitaka kiti kuliko tunavyoitaka barabara, na njia ya kukifikia inapita mikononi mwetu. Juni 25, 2024 wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha uliokusudia kuongeza kodi. Vijana waliandamana mpaka ndani ya Bunge, wengine wakauawa kwa risasi, na kesho yake rais akakataa kuutia saini. Vijana hao walilipa kwa damu somo ambalo karatasi ya kura ilikusudiwa kulifundisha bila mtu kufa: mkubwa husikia pale anapoona atapoteza.

Kwa hiyo sina haja na mgombea anayeapa kwamba hataki chochote kwa ajili yake. Nipeni mwenye kukitamani kiti mpaka akose usingizi, kisha nipeni majirani waliojiandikisha, wanaojua alivyopiga kura kuhusu mshahara wake na kuhusu kodi yao. Katiba imeweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mlafi haogopi laana zetu za mezani wala nguruwe wetu. Anachoogopa ni kunyimwa, na siku ya kumnyima inajulikana. Tujiandikishe, tuamke mapema, twende tukamtishe.