Mfalme, ukitaka kubaki na nguvu, pitia Mbulu kwanza

Mtukufu Mfalme, taji unalo, jumba unalo, na hotuba ya kufungua bunge unaisoma wewe, ingawa imeandikwa na waziri mkuu. Unauliza kama zama hizi bado unaweza kuwa na mamlaka ya kweli. Unaweza. Njoo tukufundishe, na uje na koti, maana Mbulu kuna baridi.

Kwanza, usikalie kiti ulichopewa na mgeni. Wairaqw wa hapa Mbulu hawakuwa na chifu mmoja juu ya wote. Kila aya, yaani nchi yenye mipaka na matambiko yake, ilikuwa na wazee wake, na waganga wa ukoo wa Manda ndio walioendewa kwa ajili ya mvua na kinga ya nchi. Wajerumani, kisha Waingereza, walitaka mtu wa kukusanya kodi, wakaweka machifu. Mwaka 1963 serikali huru ikafuta uchifu kwa sheria, na kiti kikaenda na karatasi yake. Wazee hawakufutika. Ni karatasi gani iliyowaweka?

Tamaa ya kura ikikushika, soma kwanza uchaguzi wa Tanganyika wa Agosti 1960. TANU, chama cha kudai uhuru, ilizoa viti 70 kati ya 71, na kilichoiponyoka ni cha Mbulu. Ilimsimamisha Chifu Amri Dodo wa Wagorowa. Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyegombea peke yake bila tiketi ya chama, akamshinda. Hebu fikiria: nchi nzima inaimba uhuru, chama kinabeba kila jimbo, halafu chifu mwenye jina na chama mgongoni anaangushwa hapa. Watu walimtaka wa kwao. Nimewasimulia vijana kisa hiki mara nyingi, na bado kinanisisimua.

Wenzako wa Ulaya wameyaona hayo. Mwaka 2003 Hans-Adam II wa Liechtenstein aliwaambia raia wampe madaraka zaidi au ahamie Austria. Wakampigia kura ya ndiyo. Mwaka 2008 Henri wa Luxembourg alikataa kuidhinisha sheria ya kuwaruhusu wagonjwa mahututi kusaidiwa kufa, na bunge likampunguzia madaraka. Mmoja aliwauliza watu wake, mwingine aliegemea saini yake.

Sasa vuka hadi Hanang. Kwa Wabarbaig, tawi la Wadatoga, mzee aliyeheshimika akifa hujengewa bung'eda, kaburi linalopandishwa kama kilima kwa miezi kadhaa, na watu hutoka mbali kuja kulihitimisha kwa pombe ya asali. NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kwa msaada wa Kanada, ilipofungua mashamba ya ngano Basotu, matrekta yalipita juu ya makaburi kama hayo. Inaniuma kila nikilitaja. Wabarbaig hawakunyamaza: walidai ardhi, na walidai wazee wao waachwe walale. Jiulize, Mtukufu, nani atasimama mbele ya trekta kwa ajili ya kaburi lako?

Na kama wewe ni malkia, kaa na wanawake wa Kidatoga. Wana baraza lao, na mwanamume anayewavunjia heshima hutozwa dume la ng'ombe. Asipotoa, laana inamngoja, na wanaume wazima wanaiogopa.

Nimewahi kukaa pembeni ya kikao cha wazee. Kijana wa bodaboda alikuwa ameacha ng'ombe wa baba yake waingie kwenye mahindi ya jirani. Alifika akiwa na haraka, simu inaita mfukoni. Mzee mmoja, amejifunga lubega, fimbo katikati ya magoti, hakusema neno, alimtazama tu. Kijana akazima simu, akavua kofia ngumu, akachuchumaa. Polisi hawakuwepo, na mtendaji wa kijiji hakuwepo. Akaambiwa alipe debe ngapi, akaitikia, "Ndiyo, baba," kisha mzee akaanza kuomba heri na wengine wakamwitikia kwa pamoja kila alipopumua. Yule kijana naye aliitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ukifika, Mtukufu, utawakuta wazee wamekaa chini ya mti. Usitafute kiti. Simama kando, salimia, na ungoje mzee akuonyeshe pa kukaa.