Nyumbu Wamenikataa

Ukiwa huku Marekani na una mtoto wa darasa la nne, mfiche. Nakwambia mapema. Serikali yao inampa kila mtoto wa darasa hilo kibali cha kuingia hifadhi za taifa bure, kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Agosti, yeye na gari alilopanda na wote waliobanana ndani. Binti yangu kaleta hizo habari nyumbani kifua mbele. "Baba, Grand Canyon ni bure!" Sasa mimi na neno bure mnanijua. Nikakubali kwanza, nikauliza iko wapi baadaye.

Iko Arizona. Sisi tuko Dallas. Ni kama kilomita 1,700 kwenda tu, kurudi ni shauri yako. Na hiyo bure yenyewe ni dola 35, ndicho kiingilio cha gari pale getini kwa siku 7. Mafuta yatazimeza hizo dola kabla hatujatoka Texas, maana Texas haitokeki. Unaendesha, watoto wanalala, wanaamka, wanagombana, wanalala tena. Bado Texas.

Kibali chenyewe binti hakitaki kwenye simu. Anataka karatasi. Nchi imepeleka watu mwezini, binti anataka karatasi! Printa yangu wino ulikauka enzi za korona. Nikaenda maktaba ya mtaa, mashine ikanigomea. Kakaja katoto ka watu, kakabonyeza kitufe kimoja, karatasi ikatoka. Halafu kakaniuliza kama nimekuja na mtu wa kunirudisha nyumbani.

Haya, malazi. Nikasema tulale ndani ya hifadhi, pale ukingoni, watoto wakifungua pazia wakutane na korongo. Kumbe vyumba vya pale watu wanaanza kuvigombania miezi 13 kabla. Miezi 13! Mimi kodi ya mwezi ujao sijui inatoka wapi. Tumeambulia moteli fulani ya mbali. Picha zake zote ni za bwawa la kuogelea, ya chumba hakuna hata moja. Mama watoto akaniangalia tu. Huwa naogopa sana akiniangalia tu.

Nikaona nirudishe heshima. Nikatangaza mezani kwamba asubuhi tutashuka mpaka chini, tuchovye miguu Mto Colorado, jioni tuko juu tunakula. Kijana wangu mkubwa hakunijibu. Akatoa simu. Akanisomea kwamba toka ukingoni mpaka mtoni ni karibu kilomita moja na nusu kwenda chini, na hiyo ni ya kunyooka, njia yenyewe inazunguka weee. Wenye hifadhi wanasema usijaribu kushuka mpaka mtoni na kupanda siku hiyohiyo. Kiangazi kule chini joto linavuka nyuzi 40, na kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni wanataka uwe umejikalia kivulini, siyo unapanda.

Sasa mlima wa kawaida una adabu. Ukichoka unageuka, unateremka zako. Huu umepinduliwa. Unateremka una nguvu, unapiga mluzi, unawasalimia wazungu. Ukichoka ndiyo mlima unaanza.

"Na wewe baba ngazi za kanisani unapumzika katikati," kijana akamalizia. Mbele ya mama mkwe.

Basi nikakimbilia nyumbu. Siyo wa Serengeti, hawa ni wale wa punda na farasi. Wanabeba wageni mpaka chini, kwenye nyumba za kulala zinaitwa Phantom Ranch. Nikajiona nimekaa juu ya nyumbu, kofia kichwani, picha inaenda kwenye grupu la ukoo. Binti akasoma masharti. Mpandaji asizidi pauni 200, na nguo zake. Yaani kama kilo 90. Na mzani wanao. Na lazima uelewe Kiingereza vizuri, maana maelekezo yote ni ya Kiingereza. Familia nzima ikageuka kunitazama tumbo. Kiingereza changu hakuna aliyekifikia, tumbo lilitosha.

Mama mkwe naye. Yuko kwetu kwa matembezi, katokea Singida. "Mkwe wangu, nimetoka Singida, nimepanda ndege mbili, ili mnipeleke kuona ukame?" Nikamweleza kuwa korongo lina urefu wa kilomita 446, watu wanatoka dunia nzima kulitazama. Akauliza, "Na la Oldupai ulipeleka watoto?" Nimekulia Arusha. Wazungu wanapanda ndege kwenda Oldupai, wanapita mbele ya kibanda nilichokuwa nauza maji. Sijawahi kufika. Watoto walitaka maelezo, nikaenda kuangalia kama gari nimelifunga.

Mama watoto yeye anasoma usiku. Kataka tupitie Antelope Canyon, karibu na mji wa Page, yale makorongo membamba yenye kuta za rangi ya chungwa. Kisha akaniamsha. Tarehe 12 Agosti 1997 mvua ilinyesha mbali huko, kwenye korongo lenyewe kukavu, maji yakashuka ghafla, yakaua watu 11. Hapo sikutia neno. Siku hizi huingii bila mwongozaji, na sisi ndiyo tumepangilia Agosti, msimu wenyewe wa mvua za radi. Mwongozaji analipwa. Nikachomoa karatasi ya binti. Haifanyi kazi! Ile ardhi ni ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kule, hifadhi ni yao, kiingilio ni chao. Wameshaona mengi na serikali hiyo, siwalaumu kwa kutoheshimu karatasi yake.

Lakini kilichonimaliza ni saa. Sikiliza. Dallas ikiwa saa sita mchana, New Mexico ni saa tano. Arizona ni saa nne, kwa sababu wao kiangazi hawasogezi mshale. Ila Wanavajo, ambao wako humohumo Arizona, wanasogeza, kwao saa tano. Katikati ya Wanavajo wako wenyeji wengine, Wahopi, hawasogezi, saa nne. Ukitoka kwa Wahopi unaangukia tena kwa Wanavajo, saa tano. Antelope Canyon ni ya Wanavajo, lakini ziara wanazipanga kwa saa za Page, kwa hiyo saa nne. Ukivuka Utah, tano. Simu inashika mnara wowote inaoupenda na kubadilika bila kukuuliza. Nimechora jedwali. Mama watoto kalibandika kwenye friji, kaandika juu yake: msimsikilize baba.

Mama mkwe akaomba aione risiti ya ziara. Imeandikwa 10:00. "Saa kumi alasiri," akasema, "vizuri, jua litakuwa limepoa." Nikamweleza. Akatazama saa yake ya mkononi, hajaigusa tangu apande ndege Dar. Kwake ilikuwa saa mbili usiku. Akaaga, akaenda kulala.

Safari ipo. Watoto wameshaapa kwamba hawatalisha kindi wa kule, maana wanang'ata wageni, na watajaza vile vitabu vya watoto mpaka wapewe beji. Mimi nimepewa maji. Galoni zote, mgongoni. Mabegi ya mgongoni yamegawiwa, lililobaki ni la binti la chekechea, la waridi, lina farasi mwenye pembe. Nimelijaribu. Mkono mmoja umeingia, na sasa natafuta mtu wa kunisaidia kuutoa.